Punguza muzigo, lakini usipunguze kamba

Siye watu wa mugodi tunajua uzito wa vitu. Kasike, bote, taa, nyundo, chakula: kila kitu kina kilo yake, na mugongo njo unalipa. Juu ya ile, leo tunataka kuzungumuza habari ya wawindaji wa Marekani. Wako mbali na siye, lakini shida yao ni ndugu ya shida yetu.

Mu majimbo sawa Michigan na Pennsylvania, watu wengi wanawinda na upinde. Wanamutafuta nyama wanayemuita whitetail, mwenye pembe za matawi na mukia mweupe kwa chini. Mushale si bunduki: wengi wao hawapigi kama nyama iko mbali kupita metre 20 ao 30. Na ule nyama ana pua kali sana. Basi muwindaji anapanda mu muti, metre 5 ao 6, na anangojea kimya.

Hata kwetu mambo hii si mageni. Kule Ituri, Waefe wanapanda karibu na muti wenye kuangusha matunda, wanangojea mboloko aje kula, halafu wanatupa mushale. Tofauti ni moja: Mumarekani anapanda na kiti.

Zamani alikuwa anafunga kile kiti mu muti mumoja, kinabaki pale musimu muzima. Lakini nyama si mujinga. Akisikia harufu ya mutu pahali pamoja mara mbili, mara tatu, anaanza kuzunguka. Kwa hiyo siku hizi wengi wanahama kila siku, wanafuata upepo na nyayo, na vitu vyote viko ku mugongo. Hapo njo hesabu inaanza. Kiti pekee yake kilo 5 ao 6, vipande 4 vya ngazi zaidi ya kilo moja kila kimoja, upinde, maji, nguo za baridi. Mutu anafika ku muti amelowa jasho, na jasho njo harufu yenye kufukuza nyama.

Namna gani wanapunguza? Kwanza, wanamwanga vitu vyote chini, wanajiuliza: hiki nilikitumia mara ya mwisho siku gani? Chenye hakina jibu kinabaki nyumbani. Pili, minyororo inatoka, kamba inaingia: kamba ni nyepesi na haipigi kelele. Tatu, wengine wanaacha kiti kabisa. Wanavaa mukaba mupana wenye kushika kiuno na matako, unafungwa na kamba ku muti juu ya kichwa, na miguu inakanyaga kibao kidogo tu. Ule mukaba una uzito wa kilo moja hivi.

Ni akili nzuri. Lakini hapa tusikilizane vizuri.

Kuanguka toka mu muti ni moja ya mambo makubwa yenye kuumiza wale wawindaji. Na mara nyingi mutu haanguki wakati ameketi. Anaanguka wakati anapanda, wakati anashuka, ao wakati anavuka toka ku ngazi kuingia ku kiti, pale alijisemea: « Ni dakika moja tu, nitajifunga nikifika. » Kwa hiyo wenye kujua kazi wana sheria moja: unajifunga ungali chini, na haujifungui mpaka miguu ikanyage udongo tena. Upinde haubebwi mu mukono wakati wa kupanda. Unaufunga ku kamba ndogo, unapanda na mikono miwili, halafu unauvuta.

Tena, kamba kukushika hewani si mwisho wa hatari. Mutu akining'inia bila kutikisika, damu inabaki mu miguu, na anaweza kuzimia hata kufa. Juu ya ile wanabeba kamba fupi ya kukanyagia, ili miguu ifanye kazi wakati wanangojea musaada. Na mbele ya kutoka nyumbani, wanamuambia mutu: niko ku muti fulani, nitarudia saa fulani.

Siye tunaona pale funzo letu. Kisha usiku mzima wa kazi, mukaba unakuwa muzito, kamba inachelewesha, na kila mutu anataka kurudia. Siku ile mutu anaanza kupunguza, lakini anapunguza kitu chenye hakipaswe kupunguzwa. Tuache chuma cha bure, tuache vitu vyenye tunabeba kwa mazoea tu. Lakini kamba yenye kukushika, na neno lenye ulimuachia bibi na watoto kwamba uko wapi, vile havina uzito. Vitoke nyumbani pamoja na wewe, na virudie pamoja na wewe.