Mtumishi wa Pampu Apewe Nguvu ya Kukataa

Ajali haina kinga, walisema wahenga. Lakini msemo huo usigeuzwe kisingizio cha uzembe, hususan mahali panapouzwa petroli.

Kinachowaka katika petroli ni mvuke wake, nao hutosha kushika moto hata katika ubaridi wa nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze katika joto la visiwa vyetu! Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kuingia mitaroni, ukingoja cheche. Tarehe 10 Agosti 2019, mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ulipozuka zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Petroli ile haina tofauti na hii inayouzwa vituoni mwetu.

Hapa visiwani tunayo hatari yetu. Wavuvi wa Tumbatu, Kojani na kwengineko huhitaji petroli ya mashine za boti, nao huibeba kwa madumu. Dumu likijazwa likiwa ndani ya gari au juu ya pikipiki, msuguano wa mafuta huzaa umeme usiokuwa na njia ya kwenda ardhini, nao huweza kuruka kama cheche. Kwa hiyo dumu liwekwe chini, liwe la aina iliyokusudiwa mafuta, mdomo wa bomba uguse mdomo wa dumu, na ibakizwe nafasi, kwani petroli hutanuka kwa joto. Injini na sigara zizimwe. Moto ukizuka, yasitumike maji: petroli huelea juu yake na kuusambaza moto. Utumike mchanga au mtungi wa kuzimia moto wa mafuta.

Anayetakiwa kuyasimamia yote hayo ni kijana wa pampu. Je, atathubutu kumkatalia mteja mkubwa asiyezima injini, iwapo anachelea kupoteza kazi yake? Hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ya mwaka 2005 ipo. Tunawaomba wakaguzi wasitazame mitungi peke yake. Wamuulize mtumishi amefundishwa nini, na kama tajiri wake humuunga mkono anapokataa kuuza. Nanyi waheshimiwa mnaopanda magari ya Serikali, zimisheni injini kabla hamjaambiwa. Nasi wananchi, tukikataliwa tusihamaki. Aliyetukatalia huenda ameokoa roho zetu.