Faili la Kanzidata ya Wagonjwa Likae Wapi?

Mgonjwa anaposubiri dirishani huku kompyuta ya mapokezi ikikawia kufungua jalada lake, lawama humwangukia karani. Huenda karani hana kosa, bali faili la kanzidata limewekwa mahali pasipofaa, yaani katika folda ya pamoja inayofunguliwa na kila kompyuta kupitia mtandao.

Programu husoma kanzidata kwa vipande viitwavyo kurasa; katika SQLite ukurasa mmoja kwa kawaida ni baiti 4,096. Faili likiwa katika diski ya kompyuta ileile inayolisoma, kurasa hupatikana upesi. Likiwa mbali, kurasa hizo hulazimika kusafiri mtandaoni. Safari moja ya kwenda na kurudi ikichukua milisekunde 5, kurasa 2,000 zinazosomwa moja baada ya nyingine humsubirisha mgonjwa sekunde 10. Diski ya bei ghali haitaondoa kasoro hiyo.

Kukawia, hata hivyo, ni usumbufu tu. Hatari kubwa zaidi ipo katika kuandika. Mfamasia na muuguzi wanapohifadhi taarifa kwa wakati mmoja, kanzidata hutegemea kufuli za faili ili mmoja amsubiri mwenzake. Watengenezaji wa SQLite wenyewe wanaonya kwamba kufuli hizo hazitegemeki katika mifumo mingi ya faili za mtandao. Zikishindwa, faili laweza kuharibika, na taarifa ya mzio wa penisilini ikatoweka pasipo mtu kujua.

Njia salama ni kuliweka faili katika diski ya seva inayoendesha kanzidata yenyewe, kama vile MySQL au PostgreSQL. Hapo kompyuta ya daktari hutuma swali na kupokea jibu tu, wala hailigusi faili. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika pia Eldoret, Kenya, huhifadhi data zake katika kanzidata ya namna hiyo.

Folda ya pamoja inafaa kwa nakala rudufu, mradi isiwe katika diski ileile ya seva. Kunakili faili wakati watu wanaendelea kuandika huweza kuzaa nakala mbovu. Itumike amri ya kanzidata iliyokusudiwa kazi hiyo. Kisha nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine, na majalada machache yalinganishwe na yale ya seva.