Unampikia mbwa wako biskuti? Usianze na unga ulioota ukungu

Kwenye nyumba nyingi, unga ukishaota ukungu hautupwi. "Mpikie mbwa," ndiyo kauli. Karanga zilizosinyaa nazo hupelekwa hukohuko. Sasa watu wameanza kuwaokea mbwa wao biskuti nyumbani, na unga huohuo unarudi jikoni kwa jina jipya.

Hapo ndipo penye hatari.

Ukungu unaoshambulia mahindi na karanga unaweza kutengeneza sumukuvu, sumu inayoharibu ini. Mwaka 2004, watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mbwa naye haponi. Ini lake huathirika upesi, hata na kiasi kidogo. Marekani, mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, wanyama wa nyumbani zaidi ya 110 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula cha kiwandani kilichokutwa na sumukuvu nyingi.

Je, moto hauui sumu?

Hapana. Moto unaua ukungu, lakini sumu yenyewe inavumilia joto la kupikia. Kuchekecha unga au kuuanika juani hakuusafishi. Tena sumu haionekani kwa macho: punje inaweza kuonekana safi na bado ikawa nayo. Kanuni ni rahisi: unga ambao usingempa mwanao, usimpe mbwa.

Biskuti za maini

Unahitaji:
• Maini robo kilo
• Unga wa ngano au dona safi, vikombe 2
• Yai 1
• Karoti 1 au kipande cha boga

Chemsha maini na karoti bila chumvi wala viungo, kisha viponde. Changanya na yai na unga mpaka upate donge gumu. Sukuma kama chapati, kata vipande vidogo vya ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Oka kwenye oveni, nyuzi 180, kwa dakika 25 hadi 30. Huna oveni? Tumia sufuria kavu, mkaa kidogo chini na mwingine juu ya mfuniko, kama unavyooka keki.

Ziache zipoe kabisa, kisha zihifadhi kwenye friji na uzimalize ndani ya siku chache. Ukizifunika zikiwa na unyevu, zitaota ukungu, na utakuwa umerudi ulikoanzia.

Vitu vya kuweka pembeni

• Vitunguu maji na vitunguu saumu: vinaharibu chembe nyekundu za damu, na dalili zinaweza kuchelewa siku kadhaa. Rosti iliyobaki mezani kwa hiyo si salama.
• Chokoleti na kakao: zinasumbua moyo na mishipa ya fahamu.
• Zabibu, mbichi au kavu: zinaweza kuua figo.
• Mifupa iliyopikwa: hupasuka vipande vyenye ncha kali na inaweza kutoboa utumbo.
• Siagi ya karanga: soma lebo kwanza. Baadhi zina sukari mbadala iitwayo xylitol, ambayo kwa mbwa hushusha sukari ya damu ghafla, wakati mwingine ndani ya saa moja.

Kiasi gani kinatosha?

Vitafunwa visizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku. Kwa mbwa mdogo, hivyo ni vipande viwili vitatu tu. Maini nayo yana vitamini A nyingi, kwa hiyo yasiwe mlo wa kila siku.

Dalili za kuangalia

Sumukuvu huanza kimyakimya: mbwa anakataa chakula, anazubaa, anatapika. Baadaye macho na fizi vinaweza kuwa vya manjano, mkojo ukakolea, au choo kikatoka na damu. Usimpe maziwa ukisubiri apate nafuu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na ubebe sampuli ya unga au chakula alichokula.

Na ule unga ulioota ukungu? Usiupeleke kwa kuku wala ng'ombe. Sumu inaweza kupita kwenye maziwa na kurudi mezani kwako. Ufukie mbali na mifugo.