Taji Linalonyauka: Soka na Imani Kandokando ya Ziwa Naivasha

Mwaka 2001 taji la ligi kuu ya Kenya halikwenda Nairobi wala Mombasa, lilikwenda shambani. Oserian Fastac, timu ya kampuni ya maua iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha, iliwapiku vigogo kina Gor Mahia, AFC Leopards na Tusker, na mwaka 2002 ikarudia. Kwa watu wa Kamere, mtaa wa wavuvi na wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya barabara ya Moi South Lake, mabingwa wa nchi walikuwa majirani. Sulmac, timu nyingine ya mashamba hayo, nayo ilipata kucheza ligi kuu, na baadaye Sher Karuturi ikafuata. Leo hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo katika ligi hiyo.

Mhubiri anayetafuta mfano wa Jumapili hapa hana haja ya kwenda mbali. Soka ni lugha ambayo kijana wa Kamere anaielewa kabla ya kufungua Biblia. Kinachosumbua ni kwamba mahubiri mengi huchukua ushindi tu: omba, amini, funga bao. Mtume Paulo, aliyetumia michezo kuhubiri zaidi ya mwandishi mwingine yeyote wa Agano Jipya, alitazama mahali pengine.

Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na nusu, katikati ya karne ya kwanza. Karibu na mji huo kulifanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa shada la majani ya msonobari au ya seleri. Katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, anawakumbusha kuwa wanariadha hujinyima mengi kwa ajili ya kitu cha kunyauka. Alichokisifu ni kule kujinyima. Kamere hawahitaji kufafanuliwa habari ya kunyauka. Waridi likishakatwa asubuhi huwahishwa kwenye chumba cha baridi, likapakiwa kwenye lori, likasafirishwa hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na kurushwa Ulaya, maana kila saa inayopita inakula bei yake. Ubingwa wa Oserian nao ulikuwa halali na wa jasho, na haukudumu.

Uhusiano wa kanisa na soka ya kulipwa ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mchukue kiungo Mkenya Victor Wanyama, mwana wa Noah Wanyama aliyeichezea AFC Leopards. Klabu tatu kati ya alizochezea Uingereza zina mizizi kanisani. Celtic ilianzishwa Novemba 1887 na Bruda Walfrid, mtawa wa shirika la Marist, katika ukumbi wa kanisa la St Mary's mjini Glasgow, ili ipatikane fedha ya kuwalisha maskini. Southampton ilizaliwa mwaka 1885 na vijana wa kanisa lenye jina hilohilo la St Mary's, na hadi leo mashabiki huiita Watakatifu. Tottenham ilianzishwa na wavulana mwaka 1882, na mlezi wao alikuwa John Ripsher, mwalimu wao wa Biblia katika kanisa la All Hallows. Makanisa ya wakati ule yaliamini kwamba mpira unamfundisha kijana nidhamu, kutii na kushirikiana, na wamisionari wakaja na imani hiyo hadi shule zao za Afrika Mashariki.

Usiku wa Novemba 7, 2012, Celtic ikiadhimisha miaka 125 tangu kuzaliwa, Barcelona ya Lionel Messi ilitua Glasgow. Wageni walikaa na mpira kwa zaidi ya asilimia 80 ya mchezo. Celtic walipata kona, Charlie Mulgrew akaichonga, Wanyama akapanda na kuusukuma wavuni kwa kichwa. Tony Watt akaongeza la pili, Messi akarudisha moja dakika za mwisho, na mechi ikaisha 2-1. Bao ndilo lililovuma Kenya. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya Wanyama usiku ule ilikuwa kukimbiza mpira asioupata, kuziba mapengo na kurudi nyuma tena na tena. Muumini aliyewahi kupitia miezi ya sala zisizojibiwa ataitambua kazi hiyo haraka kuliko atakavyolitambua bao.

Kaka yake Wanyama ana funzo jingine. McDonald Mariga alitoka Parma akajiunga na Inter Milan mapema mwaka 2010. Mei 22 mwaka huo, Inter walipoichapa Bayern Munich 2-0 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa jijini Madrid, Mariga alikaa benchi tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo anahesabiwa kuwa Mkenya wa kwanza kulitwaa kombe hilo, na hakuna aliyemwambia arudishe medali. Sura ya 12 ya barua ileile kwa Wakorintho inazungumzia mwili wenye viungo vingi, ambamo viungo vinavyodhaniwa kuwa vinyonge navyo vinahitajika. Kanisani benchi hilo lina watu wake: anayefagia kabla ya ibada, anayepanga viti, anayewapikia wafiwa.

Halafu kuna suala la maombi. Mei 2007, Milan walipoifunga Liverpool 2-1 katika fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Athens, Kaká alivua jezi, akabaki na fulana iliyotangaza kwamba yeye ni wa Yesu. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Siku hizi sheria za mchezo zinakataza ujumbe wa kidini kwenye mavazi ya wachezaji, na Desemba 2024 nahodha wa Crystal Palace, Marc Guéhi, alizua mjadala alipoandika jina la Yesu kwenye kitambaa cha unahodha.

Ila wanaoshindwa nao huomba. Agosti 2025 Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, waliingia uwanja wa Kasarani kucheza robo fainali ya michuano ya CHAN dhidi ya Madagascar, taifa zima likiwaombea. Mechi iliisha sare ya 1-1, Kenya ikatolewa kwa penalti. Madagascar nako kuna mamilioni ya Wakristo, na haiyumkiniki kwamba walikaa kimya siku ile. Kama kuomba kungekuwa njia ya kupata matokeo, Mungu angelazimika kuchagua kati ya watoto wake kila Jumamosi.

Wazo hilo la kumgeuza Mungu kuwa mtoa matokeo lina ndugu yake wa karibu: kubeti. Everton ni klabu iliyotokana na kanisa la Kimethodisti la St Domingo jijini Liverpool, na Wamethodisti wa enzi hizo walipinga kamari vikali. Kuanzia 2017 hadi 2020, kifuani mwa jezi ya Everton kulikuwa na jina la SportPesa, kampuni ya kubeti ya Kenya. Kampuni hiyohiyo iliwapeleka Gor Mahia Goodison Park Novemba 2018, wakafungwa 4-0. Kijana anayeweka mkeka kwa simu kisha akafunga macho kuuombea hatofautishi tena imani na bahati, na soka yenyewe inampinga: mchezaji halipwi kwa kubahatisha, analipwa kwa mazoezi ya kila asubuhi.

Waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 2, unawataja watu watatu mmoja baada ya mwingine: askari, mwanamichezo na mkulima. Kaunti ya Nakuru imewahi kuwa nao wote. Ulinzi Stars, timu ya jeshi iliyowahi kuufanya uwanja wa Afraha kuwa nyumba yake, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010, askari na mchezaji wakiwa mtu mmoja. Huku ziwani, mpira na kilimo vilikaa chini ya kampuni moja.

Askari wa waraka huo hakubali mambo mengine yamtatize. Mwanamichezo hapewi taji asipofuata sheria, na mfano wa kuzivunja upo: Novemba 2009 Thierry Henry aliuzuia mpira kwa mkono, William Gallas akafunga, Ufaransa ikafuzu Kombe la Dunia badala ya Ireland, na hadi leo bao hilo linatajwa kwa aibu.

Wa tatu, mkulima, ndiye anayesahaulika mimbarani. Waraka unasema anayetoka jasho shambani anastahili kuwa wa kwanza kupata mavuno. Mhubiri akimfikia huyo mbele ya waumini wa Kamere, itambidi azungumzie ujira wa wakata maua na mikataba ya vibarua. Itambidi pia awataje wachezaji wa ligi ya Kenya, ambao zaidi ya mara moja wamegoma kwa sababu ya mishahara iliyochelewa. Kwa mada hiyo kona ya Mulgrew haitamsaidia, atahitaji kusoma hati za malipo.