Mzigo Hauzuii Gari Kuteleza

Maeneo mengi ya Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na njia za udongo zinazotoa ndizi, viazi na majani mabichi ya chai mashambani huwa utelezi mtupu kwa miezi kadhaa. Msimu huo ndipo husikika hoja ambayo madereva wengi huiamini: gari tupu huserereka, lenye mzigo hushika barabara. Hoja hiyo ina ukweli, ila ni ukweli wa kupandia mlima. Anayeshuka nao kutoka Tukuyu kwenda Kyela anajitafutia balaa.

Msuguano ni nguvu inayozuia nyuso mbili zinazogusana zisiteleze. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kwamba nguvu hiyo hukua sawia na uzito unaozigandamiza nyuso hizo; mzigo ukiongezeka maradufu, msuguano nao huongezeka maradufu. Dereva atadakia: si ndiyo hayo nisemayo? La. Kwenye mteremko, uzito uleule ndio unaolivuta gari bondeni, na mvuto huo nao umeongezeka maradufu. Ulichokipata mkono wa kulia umekitoa kwa wa kushoto. Inamisha ubao wenye gunia moja la viazi, kisha rudia kwa magunia mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine: yataanza kuteleza ubao ukiwa umeinama kiasi kilekile. Kinachoamua ni ukali wa mwinamo na hali ya nyuso zenyewe.

Hali ya nyuso ndiyo mvua inayoiharibu. Tairi kwenye lami kavu hupata msuguano wa karibu asilimia 70 ya uzito linaoubeba. Kwenye tope laini unaweza kushuka hadi asilimia 20 au chini ya hapo, kwa kuwa maji yaliyonaswa kati ya chembe za udongo hubeba uzito ambao chembe zenyewe zingeubeba kwa kukwaruzana. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu na tambarare husimama ndani ya mita 14 hivi tangu breki zishike. Likishuka mteremko wa asilimia 10, yaani mita 1 kwa kila mita 10, litahitaji mita 16. Tofauti hiyo ni ndogo, na pengine ndiyo inayowadanganya wengi. Kwenye tope, umbali wa mita 49 za tambarare hufika 98 kwenye mteremko huohuo, maana mteremko umekula nusu ya msuguano mdogo uliokuwapo. Katika hesabu zote hizi uzito wa gari hauonekani popote, umejifuta wenyewe.

Mbona basi pikapu tupu hushindwa kupanda kilima chenye tope, ikipakiwa mikungu ya ndizi inapanda? Jambo hilo hutokea kweli. Pikapu nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, ilhali injini, yenye uzito mkubwa, iko mbele. Mzigo ukiwekwa nyuma hukandamiza magurudumu yaleyale yanayofanya kazi, na tope likiwa jembamba huyasaidia kulipenya hadi kwenye moramu ngumu. Likiwa zito, mzigo huohuo hulizamisha gari. Lakini wakati wa kusimama, magurudumu yote manne hufunga breki, hivyo faida ile ya kupandia inatoweka.

Tena kuna mahali ambapo mzigo hudhuru waziwazi: ndani ya breki. Kutoka Tukuyu hadi bonde la Kyela ni mporomoko wa takriban mita 1,000. Lori la tani 30 likishuka kimo hicho kwa mwendo usiobadilika hulazimika kutoa nishati inayolingana na uniti 82 za umeme, inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 800 za maji ya baridi. Sehemu ya nishati hiyo huishia kwenye upepo na matairi; iliyobaki, dereva asipotumia injini, hugeuka joto kwenye ngoma na pedi za breki. Zikipata moto kupita kiasi, msuguano wake hupungua, na mguu uliokanyaga hadi mwisho hauongezi kitu. Lori la tani 15 lingezalisha nusu ya joto hilo.

Dereva mzoefu huingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, ili injini ibebe sehemu ya kazi na joto litokee kwenye rejeta na bomba la moshi. Wapo wanaotoa gia kabisa kwa kubana mafuta. Hata hesabu hiyo ni mbovu: injini nyingi za kisasa hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka likiwa ndani ya gia, lakini gia ikitolewa huendelea kunywa kidogokidogo ili zisizimike.