Kitabu kipi cha elektroniki kwa mwanafunzi wa lugha?

Nkambo wangu alikuja Lubumbashi kwa ajili ya matibabu, akakaa kwetu Katuba majuma mawili. Kisanga ndiyo lugha aliyozaliwa nayo, na mimi nilikuwa nikitafuta data za toni kwa ajili ya tasnifu yangu. Jioni moja alinisimulia hadithi ndefu, dakika 40 bila kupumzika. Nilikuwa na maikrofoni, kikuza sauti kidogo nilichoazima, na kompyuta iliyochomekwa kwenye umeme. Alipomaliza nilimshukuru nikazima mashine. Juma lililofuata akarudi kijijini.

Nilipofungua faili lile katika Praat, programu ya kuchanganua sauti iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, niliona jambo la ajabu. Kila mwisho wa sentensi, pale sauti ya nkambo ilipofifia, mstari wa kidatu ulianguka hadi Hezi 100 ukabaki pale, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Hakuna binadamu anayesema hivyo. Hata aliponyamaza ili ameze mate, mstari uliendelea.

Ulikuwa mvumo wa umeme wa nyumba. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake hauishii Hezi 50: huzaa pia 100, 150, 200 na kuendelea. Sauti ya mwanamke hutetemeka mara nyingi karibu na mara 200 kwa sekunde, na ya mwanamume mara 100 na ushei. Yaani mvumo huo unakaa katika chumba kilekile ambamo toni inakaa. Kwa Kiswahili, ambacho hakina toni za kutofautisha maneno, rekodi ile ingeweza kusaidia kwa mambo mengi. Kwa Kisanga, mahali nilipohitaji kujua kama irabu ya mwisho ni ya juu au ya chini, nilikuwa ninapima umeme.

Nilipeleka vifaa kwa fundi wa redio wa mtaani. Aligusa waya wa maikrofoni, akaupinda karibu na plagi, akasikiliza. "Masi imekatika, mwana," akaniambia. "Hii kabo inakamata kuranti ya nyumba yote." Aliulehemu kwa dakika kumi. Nilipomwuliza kwa nini waya uliokatika upande mmoja unaleta sauti badala ya kuleta ukimya, alicheka: "Ni hivyo tu."

Alikuwa sahihi, na nilimlipa kwa furaha. Lakini mtafiti wa fonetiki asiyejua sauti inapita wapi kabla ya kufika kwenye kompyuta hawezi kujua lini data zake zinamdanganya. Ndiyo maana niliamua kujifunza misingi ya elektroniki ya analogi, yaani ile inayoshughulika na umeme unaopanda na kushuka ukiifuata sauti yenyewe, kabla haujageuzwa kuwa tarakimu. Nikaanza kutafuta kitabu. Makala hii inaeleza jinsi nilivyokosea kuchagua na jinsi ambavyo ningechagua leo, maana najua wenzangu wengi wa kitivo chetu watarekodi wazee wao mwaka huu.

Kosa la kwanza: kuchukua kitabu kilicho bora

Nilimwuliza rafiki wa kitivo cha uhandisi ni kitabu gani kilicho bora. Alinijibu bila kusita: The Art of Electronics cha Paul Horowitz na Winfield Hill. Hakunidanganya. Kitabu hicho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1980, kilizaliwa katika masomo yaliyofundishwa Harvard, na toleo lake la tatu la mwaka 2015 lina kurasa zaidi ya 1,200. Wahandisi wengi huwa nacho mezani.

Nilihangaika nacho majuma matatu. Kila aya ilikuwa na ukweli, na kila ukweli ulikuwa umebanwa katika sentensi moja. Wenye uzoefu wanafurahia ufupi huo; mimi nilikuwa ninasoma aya moja mara tano. Sisi wa lugha tungepaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Mtu akituambia anataka kuanza Kiswahili, hatumpi kamusi, ingawa kamusi ina maneno mengi kuliko kitabu cha somo la kwanza. Kamusi inamfaa mtu ambaye tayari ana swali. Kitabu cha kujifunzia kinamsaidia mtu apate swali. Swali la "kipi ni bora" halina jibu mpaka useme unasimama wapi na unataka kufanya nini.

Jaribio la ukurasa mmoja

Baada ya hapo nilijitafutia jaribio. Karibu kila kitabu cha elektroniki kina sehemu, mara nyingi mwanzoni, inayoeleza kigawanya volti. Ni saketi ndogo kuliko zote zenye maana. Unachukua batri ya volti 9, unaunganisha rezista mbili kwa mfuatano, kila moja ya kilo-omu 10, na unapima katikati. Kwa kuwa rezista ni sawa, volti zinagawanyika sawa: unapata 4.5.

Vitabu dhaifu vinaishia hapo. Vinakupa fomula, vinakupa mfano, vinaenda mbele. Kitabu kizuri kinakuuliza swali la pili: itakuwaje ukichomeka kitu pale katikati ili ukitumie? Tuseme kitu hicho nacho kina ukinzani wa kilo-omu 10. Sasa mkondo una njia mbili za kupita badala ya ile rezista moja ya chini, na njia mbili sawa zikiwa sambamba hupunguza ukinzani hadi nusu, yaani kilo-omu 5. Juu kuna 10, chini kuna 5. Ile volti 4.5 uliyoihesabu kwa uangalifu imekuwa volti 3.

Mwanafunzi wa isimujamii atakitambua kisa hiki mara moja. William Labov aliita kitendawili cha mtazamaji: tunataka kujua watu wanasema vipi wakati hatuwaangalii, lakini ili kujua tunapaswa kuwaangalia. Katika saketi pia, kusikiliza kunabadilisha kinachosikilizwa. Maikrofoni ikichomekwa kwenye kikuza sauti chenye ukinzani mdogo mlangoni, sauti inapungua, kwa sababu kikuza sauti "kimekunywa" sehemu yake. Multimita nyingi za tarakimu zimeundwa na ukinzani mkubwa sana, kama mega-omu 10, ili zipime bila kunywa.

Basi nenda maktabani, fungua kitabu kwenye kigawanya volti, na usome kurasa mbili. Je, mwandishi amefika kwenye lile swali la pili? Je, unaweza kufunga kitabu na kumweleza mwenzako kwa Kiswahili kwa nini 4.5 imekuwa 3? Ukiweza, kitabu hicho ni chako. Usipoweza, kirudishe bila aibu, hata kama jina lake ni kubwa. Horowitz na Hill wanafika kwenye swali la pili mapema sana. Kasoro ilikuwa kwamba mimi sikuweza kufunga kitabu nikaeleza.

Lugha ya kitabu ni sehemu ya kitabu

Jambo la pili linatuhusu sisi moja kwa moja. Michoro ya elektroniki inadhaniwa kuwa lugha ya dunia nzima, lakini ina lahaja. Katika vitabu vingi vya Marekani rezista huchorwa kama mstari wa meno ya msumeno. Katika vitabu vya Ulaya ni mstatili mtupu. Vitabu vya Kifaransa huandika volteji kwa herufi U, vya Kiingereza kwa V. Rezista ya kilo-omu 4.7 mara nyingi huandikwa 4k7, ambapo herufi imechukua nafasi ya nukta. Na lile neno "masi" la fundi wetu ni "masse" ya Kifaransa, mahali pa kurejea pa saketi yote, ambapo volti huhesabiwa kuwa sifuri. Kifaransa kinalitenga na "terre", waya unaoingia ardhini kweli. Katika vitabu vya Kiingereza mara nyingi neno moja hubeba maana zote mbili, na mwanafunzi anayetoka kwa fundi wa Katuba anapotea.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, jiulize ni lugha gani utaitumia kuuliza maswali. Mafundi wa mji wetu wana maneno ya Kifaransa yaliyovaa nguo za Kiswahili. Mtu anayetaka kuongea nao, kununua vipuri kwao na kuwaelewa atapata faida kubwa kwa kuanza na kitabu cha Kifaransa, hata kama Kiingereza chake ni kizuri.

Vitabu vitatu vingine nilivyopitia

Cha kwanza ni Getting Started in Electronics cha Forrest Mims, cha mwaka 1983. Kimeandikwa chote kwa mkono, maneno pamoja na michoro, kama daftari la mwanafunzi nadhifu. Sentensi ni fupi, hesabu ni chache. Mwenye Kiingereza cha sekondari anakiweza. Kinakupa ujasiri wa kugusa vipuri, ila hakitakufikisha mahali pa kukokotoa kikuza sauti chako mwenyewe.

Cha pili ni kile cha Albert Malvino, ambacho kipo pia kwa Kifaransa kama Principes d'électronique. Kinakwenda polepole, kutoka dayodi hadi transista na kuendelea, kwa mifano iliyokokotolewa na mazoezi kila sura. Hesabu yake kwa sehemu kubwa ni aljebra. Angalizo moja: kinamchukulia msomaji kuwa ameshaonja saketi za umeme wa kawaida. Asiyejua kanuni ya Ohm aisome kwanza kwenye kitabu cha fizikia cha sekondari, siku mbili zinatosha.

Cha tatu ni cha zamani, na wana lugha watakipenda: La radio ?... mais c'est très simple ! cha Eugène Aisberg. Kitabu chote ni mazungumzo ya watu wawili, Curiosus anayejua na Ignotus anayeuliza, pamoja na vichekesho vya michoro pembeni. Aisberg, mzaliwa wa Odessa aliyefanya kazi Paris, alikuwa pia mtu wa Kiesperanto. Redio zake ni za taa, si za transista, kwa hiyo usijenge chochote kutoka humo. Lakini Ignotus anauliza maswali yaleyale ambayo sisi tunaona haya kuyauliza darasani.

Nilichochagua

Nilichukua Malvino ya Kifaransa kuwa kitabu cha kazi, na Aisberg kuwa cha jioni. Nilinunua batri, rezista kumi na multimita ya bei ndogo, nikajenga kila mfano niliouweza, kwa sababu kusoma elektroniki bila kupima ni kama kusoma fonetiki bila kusikiliza. Ilinichukua miezi minne kufika kwenye kikuza sauti cha transista moja. Hapo ndipo nilipokirudia kile kitabu kikubwa cha Horowitz na Hill, nikiwa na swali langu mkononi: kwa nini waya ulioachwa na masi unavuma? Nilipata jibu na nikalielewa. Ile nyuzi ya nje inayouzunguka waya wa maikrofoni ni ngao. Hukamata mvumo wa umeme na kuupeleka kwenye masi kabla haujaufikia waya wa ndani. Ngao ikikatika, waya wa ndani unabaki wazi kama antena, na maikrofoni inatoa milivolti chache tu, kwa hiyo mvumo mdogo unatosha kuishinda.

Nilijaribu pia kuisafisha rekodi ya zamani kwa kichujio. Sasa nilijua kwa nini haiwezekani. Kichujio kinachokata chini ya Hezi 100 kinaacha 100, 150 na 200. Kinachokata hadi 250 kinaondoka na msingi wa sauti ya nkambo mwenyewe.

Kiangazi kilipofika nilimfuata kijijini. Waya ulikuwa mpya, kompyuta ilikuwa inatumia betri yake, na kabla ya kuanza nilirekodi ukimya wa nusu dakika nikautazama kwenye Praat. Hapakuwa na mstari. Nikamwomba anisimulie tena ile hadithi ya Katuba. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kula chakula cha jana. "Ile nilishakuambia," akasema. "Leo nakupa ingine."

Tasnifu yangu imejengwa juu ya hadithi hii ya pili. Ile ya kwanza ninayo bado, dakika 40, na katika orodha yangu ya data nimeiandikia hivi: maneno yanasikika, toni za mwisho hazipimiki.