MWAJIRI NI NANI? SOMO LA KESI YA NAIROBI



Mfanyakazi akidhulumiwa jasho lake, swali la kwanza ni hili: amshitaki nani? Zamani jibu lilikuwa rahisi, kwani jina la mwenye kiwanda liliandikwa langoni. Siku hizi mwenye kazi aweza kuwa ng'ambo ya bahari, na mkataba ukatiwa sahihi na kampuni nyingine kabisa. Kwa hiyo tumeona inafaa kuwaeleza wasomaji wetu habari za kesi zilizofunguliwa Kenya, maana zinawahusu pia vijana wa nchi jirani.

KAZI YA KUTAZAMA MAOVU

Facebook ni mali ya Meta, kampuni ya Marekani. Kila siku watu hutia humo picha na maneno ya kila namna, na mengine ni ya kutisha: mauaji, mateso, watoto kudhulumiwa. Lazima pawe na watu wa kuyatazama na kuyaondoa. Kwa nchi kadhaa za Afrika kazi hiyo ilifanyika Nairobi, chini ya kampuni ya kandarasi iitwayo Sama. Wafanyakazi walitoka Kenya, Uganda, Ethiopia, Somalia, Afrika Kusini na kwingineko, kwa sababu kila lugha ilihitaji wenyewe.

Mmoja wao, Ndugu Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alijaribu mwaka 2019 kuwaunganisha wenzake wadai malipo na hali bora ya kazi. Aliachishwa kazi. Mei 2022 alizishitaki Meta na Sama. Januari 2023 Sama ilitangaza kwamba inaacha kazi hiyo na kuwapunguza wafanyakazi. Machi, wenzake nao wakaenda mahakamani, na baadaye idadi yao ikapita 180. Kampuni hizo zilikana madai.

Madhara si ya mfukoni tu. Desemba 2024 ilijulikana kwamba daktari wa magonjwa ya akili aliwapima wafanyakazi hao, na zaidi ya 140 wakaonekana wana maradhi yatokanayo na mshtuko wa mambo waliyoyaona.

"HAWAKUAJIRIWA NASI"

Meta ilijitetea kwamba haikusajiliwa Kenya, haikuwaajiri watu hao, na kwa hiyo mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi alikataa kuiondoa katika kesi. Juni mwaka huo huo Jaji Byram Ongaya, katika amri za muda, alikwenda mbali zaidi: kwa ushahidi wa awali aliona kwamba kazi na mitambo ya kufanyia kazi ilikuwa ya Meta, na kwamba Sama ilikuwa wakala tu.

Meta ilikata rufaa. Tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kampuni hiyo yaweza kushitakiwa Kenya. Tuelewane vizuri: mahakama haikusema nani ana hatia. Ilisema kesi isikilizwe. Lakini hata hilo si dogo, kwani mlango ambao tajiri alitaka ufungwe umebaki wazi.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, tusitazame sahihi ya mkataba peke yake. Tuulize: kazi ni ya nani? Nani anapanga kiasi cha kazi na namna ya kuifanya? Nani anapata faida? Majibu hayo tuyaandike na kuyahifadhi pamoja na barua na hati za mishahara, maana mahakama huamua kwa ushahidi.

Pili, sheria haisimami daima mahali pamoja. Mwishoni mwa 2024 Seneti ya Kenya ililetewa muswada wa kuwakinga wenye kazi wasishitakiwe na wafanyakazi wa wakandarasi wao. Kinachopatikana mahakamani chaweza kupotea bungeni, kama vyama vya wafanyakazi vimelala.

Tatu, mmoja akisema peke yake hufukuzwa. Tarehe 1 Mei 2023, Siku ya Wafanyakazi, zaidi ya watu 150 wa kazi hii walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, inawapa haki hiyo.

Kazi imebadilika na chombo kimebadilika, lakini dhuluma ni ile ile, na dawa yake ni ile ile. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.